Usimwache na Vumbi Lako

Mwaka jana tulitoka Itigi kwenda Rungwa na magari mawili. Sisi mbele, shoga yangu na mumewe nyuma. Barabara ya vumbi, miombo kila upande, simu hazishiki. Anayetangulia hali vumbi, tena ndiye anayewahi kuona wanyama. Mume wangu akakanyaga mafuta.

“Tuwasubiri,” nikasema.

“Watatukuta.”

Nikanyamaza.

Hawakutukuta. Tuliporudi, pancha, jeki hawana, mbung’o wanawatafuna. Shoga yangu hakunisema. Alinigeuzia mgongo tu. Iliniuma kuliko matusi.

Mpenzi msomaji, kutangulia si kosa. Ila kila baada ya mwendo simama, geuka, mpaka uone vumbi la mwenzio. Usipoliona, rudi. Hata kwenye ndoa.