Mtambo Uliokuwa Kimya

Katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani, palikuwa na kijana mmoja fundi seremala aliyependa mno kupiga gitaa la umeme. Gitaa la namna hii peke yake halisikiki mbali. Sauti yake ni ndogo kama ya mbu, mpaka ipitishwe katika mtambo wa kuikuza, uitwao amplifaya, ndipo itoke katika spika. Mitambo mingi ya siku hizi hutumia transista, lakini wapiga gitaa wengi bado wapenda ile ya valvu, yaani chupa za kioo zilizoondolewa hewa, ambazo ndani yake huwaka wekundu kama kaa la moto.

Kijana huyo hakuwa na fedha za kununua mtambo wa valvu. Basi akachukua mchoro wa amplifaya ndogo iitwayo Champ, iliyotengenezwa na kampuni ya Fender ya California katika miaka ya 1950, akaazimu kuunda ya kwake. Mchoro ule wamfaa mwanafunzi, maana una valvu tatu tu: moja ya kuugeuza umeme uende upande mmoja, na mbili za kukuza sauti. Miezi minne alifanya kazi hiyo kila jioni, akikata sanduku, akikaza skrubu, akilehemu waya moja moja. Naye alikuwa amemwahidi dada yake kwamba siku ya arusi, Jumamosi, atapiga gitaa mbele ya wageni.

Jumatano usiku akauwasha mtambo. Valvu zikawaka, hapakuwa na moshi, wala fyuzi haikukatika. Akapiga uzi wa gitaa: kimya. Akapiga kwa nguvu zaidi: kimya vile vile. Kesho yake akaenda dukani, akanunua valvu mpya kwa fedha alizowekea viatu vya arusi. Akazitia, akawasha, kimya.

Ijumaa jioni akamwita mjomba wake, mzee aliyetengeneza redio miaka mingi. Kabla mzee hajafika, kijana alizichomoa zile valvu mbili za kukuza sauti, akawasha mtambo, akazima, akavuta plagi ukutani. Mjomba alipoingia mlangoni alimkuta anapeleka vidole ndani ya sanduku. Mzee akapiga kelele, “Toa mkono!”

“Mjomba, nimekwisha kuvuta plagi.”

Mzee hakujibu. Akatwaa mita, akagusisha waya zake juu ya kapasita, ambayo ni kama mtungi wa kuwekea umeme. Mshale ukapanda ukapita volti 300, ukakaa pale. Umeme ulikuwa umebaki ndani kwa kuwa valvu zilizochomolewa ndizo zilizokuwa njia yake ya kutokea. Umeme wa namna hiyo huua mtu mtambo ukiwa umezimwa. Mjomba akafunga rezista yenye koleo kutoka kapasita hata kwenye bati la sanduku, akangoja, akapima tena. Mshale ulipolala kwenye sifuri ndipo akaketi. Yule kijana alikuwa ametokwa na jasho.

“Haya, niambie,” akasema mzee. “Wajuaje kuwa valvu za kwanza zilikuwa mbovu?”

Kijana hakuwa na jibu. Na mafundi wengi hufanya vivyo: hubadili vitu kabla ya kuuliza, kisha mfuko huwa mtupu na ugonjwa ungalipo.

Mzee akaanza mwishoni. Akaichukua spika, akaigusisha betri ndogo ya volti moja na nusu. Spika ikalia “tak”, kwa hiyo ilikuwa nzima. Akarudisha valvu, akawasha, akapima umeme kwenye miguu yake. Ulikuwa wa kutosha kote. Kisha akatia mkono wa kushoto mfukoni, ili umeme ukimshika usipite kifuani kutoka mkono huu kwenda mkono huu. Kwa mkono wa kulia akashika bisibisi ndogo yenye mpini wa plastiki. Katika kila valvu ya kukuza mna wavu mwembamba wa waya; umeme mdogo wa gitaa ukifika kwenye wavu huo, hutawala umeme mkubwa upitao ndani, kama mtoto afunguaye mlango wa bwawa. Mzee akagusa wavu wa valvu kubwa: “tak”, kwa mbali. Akarudi nyuma, akagusa wa kati: “tak” kubwa zaidi. Akagusa wa kwanza kabisa: spika ikavuma hata kijana akaruka. Akagusa tundu la kuchomekea gitaa: kimya.

Ndivyo afanyavyo mwenye shamba ambaye maji hayamfikii. Huufuata mfereji kutoka shambani, akipanda kuelekea chemchemi, mpaka aone mahali ulipozibwa.

Wakazima, wakautoa umeme uliobaki, wakapima. Mzee akamulika tundu lile kwa taa. Lilikuwa na vijiguu vitatu, na kijana alikuwa amebadilisha viwili: waya wa sauti aliulehemu mahali pa waya uendao kwenye bati. Basi kila gitaa lilipochomekwa, sauti yake ilikwenda kwenye bati, ikafia huko. Mchoro ulionyesha tundu kwa nyuma; yeye alilishika kwa mbele.

Kijana akayayusha lehemu, akahamisha nyaya mbili. Kazi hiyo haikufika robo saa. Akawasha, akangoja valvu zipate moto, akapiga uzi mmoja. Sauti ikajaa nyumba nzima, na mama yake akaita kutoka jikoni, akiuliza kama arusi imekwisha kuanza.