Mipira ya Gari Yetu na Namba Zake

Kwa kawaida ukurasa huu unazungumzia watoto, jiko na afya. Juma hili tunazungumzia mipira ya gari. Msishangae. Kundi letu lina gari dogo, Toyota Corolla ya zamani, tuliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi, franka juu ya franka. Mipira yake ilikuwa imekwisha, na pesa ya kununua mingine ilikuwa ile ile ya sanduku inayosubiriwa na kila mmoja wetu kwa zamu yake.

Gari hili linajulikana. Asubuhi linapeleka ndakala, mihogo na mafuta ya mawese sokoni. Usiku, mama akishikwa na uchungu, ndilo linalomfikisha hospitalini. Ninyi mnaijua barabara ya kutoka Uvira kupitia Mboko na Lusenda hadi kwetu: mawe, vumbi, na mvua ikinyesha mito inakata njia. Mnajua pia jinsi barabara inavyopanda kutoka Baraka kwenda Fizi mjini juu ya milima. Mpira ukipasuka huko saa nane za usiku na mama mzazi yumo ndani, hakuna wa kumlaumu atakayesaidia kitu. Kwa hiyo tuliona kwamba hili si jambo la dereva peke yake. Tukakaa chini ya mwembe tukaliongea kama tunavyoongea bei ya mbegu.

Maoni yalikuwa matatu. Dereva wetu, kijana mwenye heshima na mikono mizuri kwa kazi, alisema: "Wamama zangu, tutafute mipira mikubwa zaidi, na janti zake. Gari litanyanyuka, halitagonga tena mawe." Mama mtunza sanduku alisema tununue mipira iliyotumika, ile inayoletwa kwa mashua kutoka Kigoma, maana bei yake ni ndogo. Wengine tulisema tuweke saizi ile ile ya zamani na tusijisumbue. Shida ni kwamba saizi ile, mipya, haikupatikana sokoni juma lile. Tulilazimika kuchagua, na huwezi kuchagua kitu usichoweza kukisoma. Tukaanza kwa kusoma.

Ubavuni mwa mpira wetu wa zamani imeandikwa 175/70R13 82T. Namba ya kwanza, 175, ni upana wa mpira kwa milimita. Ya pili, 70, ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya ule upana. Herufi R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu mipira yote ya magari madogo siku hizi ni ya namna hiyo. Namba 13 ni kipenyo cha janti kwa inchi. Mpira wa 14 hauingii kwenye janti ya 13, hata kwado awe fundi kiasi gani. Namba 82 ni ya uzito: kila mpira unaweza kubeba kilo 475. Herufi T ni ya mwendo wa juu kabisa, kilomita 190 kwa saa, na kwa barabara zetu hiyo haitusumbui.

Saizi ambayo wenye kiwanda walilipangia gari haikuandikwa kwenye mpira tu. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Mara nyingi kuna karatasi iliyobandikwa hapo. Ya kwetu ina maandishi ya Kijapani, lakini namba ni namba: saizi ya mpira imo, na kipimo cha upepo kimo. Hiyo ndiyo ya kuamini kwanza, kwa sababu mwenye gari aliyetangulia huenda alifunga mipira yoyote aliyoipata.

Baadaye mmoja wetu anayefundisha hesabu akachukua kalamu. Asilimia 70 ya 175 ni milimita 122 na nusu. Ubavu uko juu na chini, basi mara mbili ni 245. Janti ya inchi 13 ni milimita 330. Ukijumlisha, mpira wetu una kimo cha milimita 575 hivi. Ndivyo unavyopata kimo cha mpira wowote, na mtoto wa darasa la sita anaweza kukufanyia. Mama mshonaji alileta utepe wake, akauzungusha kwenye mpira mpya dukani, maana asiyependa hesabu anaweza kupima kama anavyopima kiuno cha mteja. Mpira wa saizi yetu ukiwa mpya, mzunguko wake ni karibu sentimita 181.

Sokoni Baraka tulikuta saizi mbili mpya. Ya kwanza, 185/70R13, ina kimo cha milimita 589. Inazidi ya kwetu kwa asilimia 2 na nusu hivi, na inaingia kwenye janti tulizo nazo. Ya pili ndiyo aliyoitaka dereva, 185/70R14, pamoja na janti kubwa. Kimo chake ni milimita 615, yaani inazidi kwa karibu asilimia 7. Mafundi wengi wanashauri tofauti isipite asilimia 3, juu au chini. Tulitaka kujua sababu kabla ya kukubali.

Sababu ya kwanza ni saa ya mwendo. Hiyo inahesabu mizunguko ya gurudumu, haijui kimo cha mpira. Kwa ile mipira mikubwa, saa ikionyesha 60, gari linakwenda 64. Sababu ya pili ni nguvu. Gurudumu kubwa ni sawa na kuendesha ukiwa kwenye gia nzito kidogo, na injini yetu ndogo ingechoka kwenye kupanda kwenda Fizi ikiwa na watu watano na magunia. Breki nazo zinapata kazi zaidi. Sababu ya tatu ni nafasi. Ukikata usukani hadi mwisho, au gari likiruka kwenye shimo likiwa limejaa, mpira mkubwa unaweza kusugua bati la ndani na kuchubuka. Na faida yake je? Mpira unazidi kwa sentimita 4, lakini nusu yake iko chini ya mhimili na nusu iko juu. Gari linanyanyuka sentimita 2 tu. Tulimwonyesha kijana wetu urefu huo kwenye utepe. Alicheka, akasema mawe ya huku hayajali sentimita 2.

Ikabaki mipira iliyotumika. Mama mtunza sanduku hakuwa na kosa, sanduku lilikuwa jembamba. Tuliitazama kwa makini. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna namba nne: 2414 maana yake ni juma la 24 la mwaka 2014. Mipira kadhaa tuliyoigeuza ilikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wetu wa shule ya msingi, na kwenye mikunjo ya ubavu ilikuwa na nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Mpira unazeeka hata ukilala dukani. Mwingine ulikuwa umechongwa upya mistari kwa kisu cha moto, uonekane mpya, na kumbe ukichonga hivyo unapunguza unene uliobaki juu ya nyuzi. Kwenye mifereji ya mpira kuna vinundu vidogo vilivyowekwa na kiwanda: uso wa mpira ukifika usawa wa vinundu hivyo, imebaki milimita 1.6 na mpira umekwisha. Kwa mizigo ya sokoni mtu anaweza kujadiliana na nafsi yake. Kwa mama mwenye uchungu tuliona hakuna mjadala.

Tukachagua 185/70R13, mipya, minne. Kimeandikwa 86 ubavuni, yaani kilo 530 kwa kila mpira, kilo 55 zaidi ya ule wa zamani. Hata hivyo tumemwambia dereva wazi: mpira wenye nguvu hauziongezi nguvu springi wala breki, na hauleti ruhusa ya kuongeza magunia. Kabla ya kulipa tulifunga miwili ya mbele, wamama watano tukaingia ndani, na dereva akakata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Haikugusa popote. Hapo ndipo pesa ilipotoka.

Na pesa hiyo ina jina. Ilikuwa zamu ya mmoja wetu kupokea, naye alikuwa ameshaagiza mabati ya nyumba yake. Tulimwomba asubiri zamu mbili. Hakukubali mara moja, na haki ilikuwa yake, kwa sababu mvua haisubiri. Mwishowe tulikubaliana hivi: kila mmoja wetu aongeze kidogo kila juma hadi deni lake liishe, na mizigo ya gari ilipe sehemu. Tunaandika hili ili mjue kwamba mipira mizuri haikuanguka kutoka mbinguni. Imefunika gari, na paa la mwenzetu bado liko wazi. Deni hilo tunalihesabu mbele ya wote kila Jumamosi.

Mzee mmoja aliyetusikiliza alitukumbusha jambo. John Dunlop alitengeneza mpira wa upepo huko Belfast mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mtoto wake. Dunia ikaupenda, na kiu ya mpira ikapanda. Katika nchi yetu, chini ya mfalme Leopold wa Pili hadi mwaka 1908, watu wa misitu walilazimishwa kwa mijeledi na kwa kushikwa wake zao wakusanye utomvu huo. Tuliposikia hayo tulinyamaza kidogo. Kisha mama mmoja akasema kwamba angalau huu wetu tumeupima wenyewe na tumeulipia wenyewe.

Kwa makundi mengine yenye gari, haya ndiyo tunayoyashika sasa. Upepo tunaupima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo, wala si kwa kupiga teke. Mpira wenye upepo mdogo unapata joto na joto ndilo linaloupasua. Mipira miwili ya mhimili mmoja lazima ifanane saizi na namna. Ule wa zamani uliobaki mzuri kuliko mingine tumeuweka akiba, wa kufikia kwa kwado tu, si wa kutembelea juma zima. Na namba zote tumeziandika kwenye daftari la kundi, ili asiwepo mtu atakayetununulia saizi nyingine kwa kusema wamama hawajui.

Kama gari la kundi lenu linahitaji mipira, njooni Jumamosi na namba za kwenye nguzo ya mlango. Utepe upo, na kalamu ipo.