Ukipanda Boti, Itazame Mashine

Likizo zikifika wengi wetu wa mijini hufunga safari na watoto kwenda pwani. Anayekwenda Lamu kwa barabara huteremka Mokowe, kisha huvuka kwa boti. Hapo huulizia jaketi la kuokolea maisha, na ni vyema. Lakini ni wangapi huitazama mashine iliyofungwa tezi?

Mashine hiyo imeundwa iweze kuinuliwa. Maji yakipwa, nahodha huiinua ili rafadha, yaani lile panga la chini, isigonge mchanga wala mwamba. Ni kazi ya dakika moja, nami nimezoea kumpima nahodha kwa dakika hiyo.

Nahodha mwema huzima mashine kwanza. Mashine hupozwa kwa maji inayoyavuta kutoka chini. Ikiinuliwa ingali inanguruma, hukosa maji, na pampu yake ya mpira huungua upesi. Baya zaidi, panga huzunguka hewani, tayari kumkata yeyote aliye karibu. Akisha kuizima, huiinua kwa mshikio wake hadi kizuizi kishike, kisha huitikisa kidogo kuhakikisha. Hata mashine ndogo ya nguvu za farasi 15 hupita kilo 30. Kizuizi kikiachia, kidole kilichokuwa hapo husagwa.

Akitaka kuipeleka nchi kavu, huiacha kwanza imwage maji yote. Kisha hubebwa na watu wawili, kichwa kikiwa juu kuliko panga, ili maji ya chumvi yasirudi ndani.

Itazame pia ile kamba fupi ya kuzimia. Ncha moja huwa kwenye mashine, nyingine mkononi mwa nahodha. Akianguka baharini, kamba huchomoka na mashine huzimika papo hapo. Ukiiona imefungwa kwenye mashine yenyewe, uliza sababu.

Nasi abiria tuna wajibu wetu. Tusimharakishe nahodha ati tumechelewa basi. Watoto tuwaketishe mbali na tezi, wala wasiigeuze mashine iliyoinuliwa kuwa bembea. Tusishuke majini kabla mngurumo haujanyamaza.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Mimi naona nyingine zinayo, nayo ni dakika moja tu ya subira. Je, safari ijayo utampa nahodha wako dakika hiyo?