Herat, mji wa Corolla na wasichana wa roboti

Wiki hii, msomaji, tunapaa hadi Herat, magharibi mwa Afghanistan, jirani na mpaka wa Iran. Mji wa kale huo: Msikiti wa Ijumaa umevalishwa vigae vya buluu, zafarani inauzwa sokoni, na kiangazi unavuma upepo wanaouita wa siku 120. Mtaani? Corolla kibao! Mtoto wa Bongo ungejiona uko nyumbani.

Hapo ndipo walipotokea wasichana wa shule wenye timu ya roboti. Mwaka 2017 walinyimwa viza ya Marekani mara 2, wakakomaa, wakaingia Washington kushindana.

Halafu ikaja Korona. Februari 2020 mgonjwa wa kwanza nchini alipatikana Herat, maana watu kwa maelfu walikuwa wakirudi kutoka Iran. Mashine za kupumulia zilikuwa za kuhesabu. Wasichana wakaweka kando mambo ya mashindano, wakachukua mchoro wa chuo cha MIT, wakaingia kusaka spea: mota ya waipa ya Corolla, mnyororo wa pikipiki. Kazi yake? Kuminya mfuko wa hewa ili mgonjwa apumue pale mashine kubwa inapokosekana. Julai 2020 wakaianika hadharani. Si mchezo!

Agosti 2021 Taliban wakashika nchi. Baadhi ya wana timu wakakimbilia Qatar na Mexico, na hadi leo msichana wa Herat akimaliza darasa la 6, shule basi.

Wewe unayetoroka pindi, hebu lifikirie hilo.