Dawa Niliyomuuzia Binti wa Watu

Nilimharibia uso binti wa watu, na dawa iliyomharibu nilimuuzia mwenyewe, huku nikitabasamu.

Alikuja dukani kwetu Mbagala akiwa na chunusi mashavuni na kidevuni. Nikampa benzoili peroksaidi ya kupaka, dawa nzuri tu inayoua bakteria wa chunusi. Foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia, "Paka asubuhi na usiku," nikageukia mteja mwingine. Sikumwambia aanze taratibu, siku moja apake, siku moja apumzike, tena kiasi cha kunde kwa uso mzima. Sikumwambia kwamba wiki za mwanzo ngozi hukauka, huwasha na kubanduka, wala kwamba nafuu ya chunusi huchukua wiki 6 hadi 12. Hata kwamba dawa ile hupausha nguo sikusema. Foronya zake zikatoka mabaka.

Akarudi uso umebabuka. "Anti, dawa yako imeniunguza."

Nilichopaswa kumwambia nilikijua: asimamishe dawa siku chache, aoshe uso kwa sabuni laini, apake losheni isiyo na manukato, ngozi ikitulia aanze upya kidogo kidogo. Lakini ushauri huo hauna cha kuuza, na mimi nilitaka aondoke na kitu mkononi. Nikamtolea tyubu ya mchanganyiko, ile yenye steroidi iitwayo betamethasoni, pamoja na dawa ya fangasi na antibiotiki humo humo. Watu huiomba kwa kila kinachowasha, na wengine huipaka wapate weupe. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Cheti hakuwa nacho, nami sikumdai.

Ikamtuliza upesi mno. Steroidi ndivyo ilivyo, hushusha uvimbe na muwasho kabla mtu hajamaliza kujisifu. Akaja kunishukuru, akamleta na rafiki yake, naye nikamuuzia.

Nilisoma chuoni kwamba steroidi ikipakwa usoni kwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba, mishipa midogo ionekane, malaika ziote, na chunusi mpya zitoke, vipele vidogo vilivyofanana. Nilijua pia kwamba aliyeizoea akiiacha ghafla, uso huwaka moto na kuvimba, naye hukimbilia kuinunua tena akidhani ndiyo pekee inayomfaa. Kwa hiyo kila binti yule aliporudi, nilikuwa nauona ugonjwa niliouanzisha. Nikapokea hela.

Mwisho alikuja mama yake. Hakugomba. Aliweka tyubu tupu juu ya kaunta, akaniuliza, "Mwanangu, na wewe unapaka hii?"

Nikasema hapana.

Nikawaelekeza kwa daktari wa ngozi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza binti aliporudi akilalamika. Daktari alimwachisha steroidi hatua kwa hatua, ndipo akaanza kutibu chunusi zenyewe. Madoa meusi yalikaa miezi mingi, maana ngozi yetu ikishaumia huweka alama.

Siku hizi foleni hunisubiri. Anayenunua dawa ya chunusi namweleza itakavyomkausha kabla hajalipa, na kwamba asiikimbie mapema. Anayekuja na cheti cha tretinoini, dawa nyingine ya chunusi, namuuliza kama ana mimba au anaitafuta, kwa sababu dawa hiyo haimfai aliye hivyo, kisha namwambia aipake usiku, na mchana ajikinge na jua. Wa mchanganyiko asiye na cheti huondoka mikono mitupu, na wengine hunitukana, wakavuka barabara kuinunua kwingine.

Yule rafiki wa binti sijamwona tena. Ningependa kumtafuta nimwambie asiiache ghafla, aende kwa daktari. Lakini jina lake sikuliuliza, wala halimo kwenye daftari la dukani. Dawa nilizouza bila cheti sikuziandika popote.