Sheria za Ulingo

Mchezo usio na sheria ni ugomvi, na ugomvi haumfundishi mtu neno ila chuki. Jambo hili hujulikana katika mbio, katika mpira na katika bao. Walakini wengi hudhani kuwa michezo ya video, kwa kuwa hupendwa na vijana, haina haja ya sheria. Pokémon, mchezo uliozaliwa Japani mwaka 1996, huikanusha dhana hiyo. Mwasisi wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu utotoni. Na mchezaji wake hukusanya viumbe wa ajabu, akawalea, akawafunza, kisha akawapambanisha na wa mwenziwe.

Katika mashindano ya dunia ya Yokohama, mwaka 2023, kila mshindani aliandikisha viumbe sita, akachagua wanne kwa kila pambano, na wawili wakaingia ulingoni pamoja. Aina moja ya kiumbe haikuruhusiwa kurudiwa katika kikosi, wala kifaa cha namna moja kubebwa na wawili. Viumbe wote waliwekwa katika daraja ya 50, na kila uamuzi ulipewa sekunde 45. Hivyo wingi wa saa za kulea haukuwa ngao, na akili ikawa ndiyo silaha.

Faida ya kanuni hizo ilikwisha onekana Washington mwaka 2014, Se Jun Park wa Korea Kusini alipotwaa ubingwa wa dunia. Katika kikosi chake alikuwamo Pachirisu, kiumbe mdogo mithili ya kindi, aliyedharauliwa na wengi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyavuta mapigo ya adui yamwelekee yeye, ili mwenziwe asalimike. Lau sheria ingalitaka kila kiumbe apigane peke yake, wema huo usingalikuwa na mahali. Sheria haikumfanya mdogo kuwa mkubwa. Ilimpa nafasi ya kufaa.

Lakini palikuwa na jaribu gumu zaidi. Huko Yokohama baadhi ya washindani waliondolewa kwa sababu viumbe wao walionekana kuwa wameghushiwa kwa programu badala ya kupatikana mchezoni. Watetezi walisema kuwa kiumbe wa kughushi aweza kuwa sawa kwa nguvu na aliyelelewa, na kwamba ulezi hula saa nyingi ambazo mtu mwenye kazi hana. Hoja hiyo haina upuuzi ndani yake. Hata hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aliyeinama hudhulumiwa akiona aliyesimama amepata sawa naye. Zaidi ya hayo, mwamuzi akiruhusu uwongo usiodhuru, atapimaje udhuru wa uwongo unaofuata?

Dawa ya mzigo si kuruhusu hila, bali ni kuupunguza mzigo. Toleo la 2019 lilileta mnanaa ambao huigeuza athari ya tabia ya kiumbe katika nguvu zake, mchezaji asilazimike kutafuta mwingine na kuanza upya. Hapo mwaminifu alipata nafuu, na mdanganyifu akapungukiwa na udhuru. Sheria inayokataza tu huogopwa. Sheria inayokataza na kusaidia hutiiwa hata pasipo mwamuzi.