Je, Nitapata Nafasi Chuo cha Biashara?



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya utume alisafiri hadi Sham na mali ya biashara ya Bibi Khadija (R.A.).

Ndugu wanafunzi, kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne na cha sita, vijana wetu huniletea vyeti vyao niwasaidie kujaza maombi ya vyuo. Wengi wanataka uhasibu, ugavi, benki au masoko. Swali lao ni moja: "Ustadhi, mimi nitapata?" Mara nyingi mzazi aliyekuja naye huongeza lake kwa sauti ya chini: "Kwa jina hili la Kiislamu, watamchukua kweli?"

Swali la mzazi silidharau, kwani lina historia. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni. Hapa kwetu wamisionari wa Peramiho walifika mwaka 1898. Wazee wengi wa Kiislamu waliogopa watoto wao kubadilishwa dini, wakawabakisha nyumbani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 tulikuwa nyuma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule za misheni chini ya Serikali, lakini pengo la vizazi halizibiki kwa siku moja.

Hata hivyo, katika vyeti nilivyovishika nimeona kwamba nafasi ya kijana huamuliwa mapema, kabla jina lake halijasomwa na mtu yeyote.

Nitoe mfano. Kijana mmoja alikuja na ufaulu wa masomo manne: Kiswahili, Uraia, Jiografia na Elimu ya Dini ya Kiislamu (EDK), ambayo aliipata vizuri kuliko yote. Aliomba astashahada ya uhasibu akakosa. Nyumbani wakasema ni dini yake. Lakini sharti la astashahada ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. EDK haihesabiwi, na Maarifa ya Biblia ya jirani yake Mkristo hayahesabiwi vilevile. Kwa hiyo mikononi alikuwa na masomo matatu. Hakuna aliyemwambia hayo alipokuwa kidato cha pili, wakati bado angeweza kuongeza somo moja.

Msinielewe vibaya. EDK isomeni, tena kwa bidii, kwani ni nuru yenu. Ila msiifanye kuwa ndiyo ya kujazia idadi ya masomo.

Somo la pili la kuliangalia ni Hesabu. Kila mwaka ni miongoni mwa masomo yanayoangusha wengi kidato cha nne, na kozi nyingi za biashara huliulizia. Inasikitisha, maana katika soko letu la Songea watoto wetu wanarudisha chenji bila kalamu wala kikokotoo, kisha darasani wanaliacha somo hilo hilo wakisema ni gumu.

Anayetoka kidato cha sita na kutaka shahada, kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. Hapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi D mbili zinafikisha, na C na E pia. Lakini D na E hazifikishi. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kozi yenye waombaji wengi huchukua wenye pointi za juu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005, nacho hakiwezi kushuka chini ya kiwango hicho.

Nchini Marekani vyuo viliruhusiwa kwa miaka mingi kuzingatia rangi ya mwombaji ili kuwainua walio wachache, mpaka Mahakama ya Juu ilipokataza Juni 2023. Kwetu Tanzania hakuna pointi za nyongeza kwa ajili ya dini, na Katiba, ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa dini. Kwa hiyo tusingoje kupunguziwa, na tusikate tamaa kabla ya kuomba.

Aliyepungukiwa ana njia nyingine: aanze na astashahada, apande stashahada, kisha shahada. Wala si lazima asafiri hadi Dar es Salaam, ambako Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilianza mwaka 1965. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi hapa Songea, na Chuo Kikuu Huria kina kituo.

Wazazi wanaoogopa riba katika mkopo wa elimu ya juu wajue kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Yaliyobaki wawaulize masheikh wetu.

Wazazi wangu, msingoje cheti. Mkiwa na mtoto kidato cha pili, kaeni naye wiki hii mhesabu masomo yake yasiyo ya dini, na muulizane Hesabu inakwendaje.

Allah awafungulie vijana wetu milango ya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.